Benchi la Kutazamwa katika Nchi ya Uradhi

Nimepima ardhi kwa miaka thelathini na moja, na kazi hiyo humzoeza mtu kutoandika asichokiona. Kwa hiyo nitakayoeleza hapa juu ya nchi ya Uradhi ni yale niliyoyashuhudia mwenyewe, kati ya asubuhi meli yetu ilipotia nanga na machweo ya siku ile ile. Uradhi ni kisiwa katika bahari ya joto, upande wa magharibi wa dunia. Sikukiona katika ramani yoyote kabla ya safari, wala sijakiona baadaye. Namna tulivyoelewana lugha na wenyeji sitaieleza, kwa kuwa wakati ule haikunishughulisha na sasa nimechelewa kuuliza.

Nilikuwa na kaka yangu, Mbaruku. Yeye ana miaka sabini na miwili, mimi sitini na mitatu. Safari tulipewa na bintiye anayefanya kazi ng'ambo, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kukaa ndani ya meli ya watalii, ambamo watu huvaa kandambili kuanzia asubuhi na hakuna anayejua leo ni Jumanne au Ijumaa. Meli ile husimama kisiwa kimoja baada ya kingine, saa chache tu kila kisiwa, na abiria huchagua matembezi yao siku moja kabla.

Kwa Uradhi, kitabu cha matembezi kilijaa wanyama. Mtu angeweza kuchagua kuvutwa na pomboo, kulisha samaki taa kwa mkono, kuogelea na kasa, kukaa kati ya ndege heroe, au kumpakata mnyama mmoja wa mitini aendaye taratibu mpaka majani yanamwotea manyoyani. Wakati wa chakula cha jioni meza zote zilikuwa zikibishana. Bwana mmoja wa kofia pana, aliyeketi jirani yetu, alikuwa ameweka alama kwenye matembezi matano na kupanga dakika za kila moja. Mimi nilichagua kasa kwa sababu walikuwa ukurasa wa kwanza. Kaka Mbaruku hakufungua hata kitabu.

"Pomboo," alisema. "Mimi wanyama wananijua."

Nilijua anachokisema, na nilijua pia kwamba sisi wawili hatujawahi kulizungumzia jambo hilo hata siku moja.

Asubuhi tulishuka. Hakukuwa na ngoma wala mabango. Mbele ya gati palikuwa na jengo jeupe lenye baraza pana, na barazani meza moja, na mezani mwanamke wa makamo aliyechomeka penseli kwenye kilemba chake. Jina lake Bi Amerante, msajili. Alipokea tiketi zetu mojamoja, akazitia kwenye kikapu, kisha akatutangazia kwa upole:

"Asanteni. Haya ni maombi yenu. Sasa tutaona majibu."

Bwana wa kofia akasogea mbele. "Maombi gani, mama? Mimi nimeshachagua. Pomboo, saa tatu kamili."

"Ndiyo, nimeona. Na pomboo amekuchagua wewe?"

"Atanichaguaje?"

"Hilo ndilo tunalolingoja hapa," Bi Amerante alimjibu, na kwa jinsi alivyomtazama hakuwa akimfanyia mzaha. Alikuwa akimweleza tu mambo ya nchi yao.

Akatusomea sheria. Nitazitaja nilizozikumbuka. Mnyama haitwi. Halishwi ili aje, kwa kuwa ajaye kwa ajili ya chakula yuko kazini, na katika Uradhi kila aliye kazini ana siku za mapumziko, saa za kutoka na haki ya kukataa. Mgeni haruhusiwi kumpa mnyama jina. Mgeni atakayesema "ananipenda" siku ya kwanza atanyamaza saa nzima, ili apate muda wa kufikiri alichosema. Na kabla ya mgeni kumtazama mnyama, sharti mgeni atazamwe kwanza: kuna mahali pa kukaa, mikono magotini, mpaka wenye mahali pao wamalize kumchunguza. Wakiondoka bila kumsogelea, basi matembezi yake yamekwisha, na anapewa chai.

Nakiri kwamba mwanzoni niliona ni vituko. Lakini nilitazama pale barazani nikaona wenyeji wakipita na shughuli zao, na kila palipokuwa na ndege au mjusi njiani, mtu alizunguka bila hata kuonekana kwamba amezunguka. Watoto nao vilevile. Nilijua hapo kwamba sheria hizo hazikuandikwa kwa ajili ya wageni.

Kisha Bi Amerante akawahoji wageni mmoja mmoja. Swali lilikuwa moja kwa wote: umewahi kuishi na mnyama, na mliishi vipi?

"Hapana," nilijibu zamu yangu ilipofika. Ni kweli, sijafuga hata kuku.

Alinitazama, akaandika, akanipa kadi ya kijani. Siku ile zilitolewa kadi nne tu kama hiyo kwa meli nzima. Ilikuwa ruhusa ya kuingia ghuba ya kasa saa sita mchana, peke yangu na mwenyeji mmoja, mahali ambapo kasa wa kisiwa kile hupumzika. Abiria wenzangu waliizunguka kadi wakaitazama. Sitasema kwamba sikufurahi. Niliitia mfuko wa shati na kuipapasa mara kwa mara.

Zamu ya Kaka ikafika. Alinyoosha mgongo.

"Mimi nimeishi na tumbili miaka kumi na minane. Kwetu Pangani, kwenye hoteli ya wazungu. Nilimfundisha kusalimia, kuvaa miwani, kukaa begani kwa mgeni akapigwa picha. Hakuna mgeni aliyewahi kulalamika."

Bi Amerante alichomoa penseli kichwani, akaiweka mezani bila kuandika.

"Bwana Mbaruku," akasema, "kwa hilo itabidi upite mbele ya baraza la wazee watatu. Usiogope. Wengi hupita."

Wazee hao walikaa ukumbi wa nyuma, upande unaoelekea maji. Tulipoingia walikuwa bado na shauri jingine, nasi tukaambiwa tukae tusikilize. Shauri lilihusu pomboo mmoja jike aliyekuwa akiwafuata wageni kila meli ilipofika. Mzee mmoja alisema ni hiari yake na haifai kumzuia. Wa pili alisema pomboo yule alikulia kwenye bwawa la nchi nyingine, akaokolewa, na kinachoitwa hiari ni mazoea ya kifungoni. Walibishana kwa nusu saa, na sijawahi kusikia watu wazima wakibishana kwa uangalifu namna ile. Mmoja akisema jambo zuri, mwenzake alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Hapo umenishinda, lakini..." Mwishowe mwenyekiti, mama mfupi mwenye miwani, aliamua kwamba wageni wasiingie upande ule kwa mwaka mmoja, ili pomboo apate kugundua kama ana jambo jingine analopenda kufanya. Kwa neno hilo matembezi ya pomboo ya bwana wa kofia yalifutwa, pamoja na ya abiria wengine thelathini.

Kisha akaitwa Kaka.

Upande wa wanyama alisimama Bwana Tolive, mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, mwenye sauti ya chini kama anayezungumza karibu na mgonjwa. Kazi yake katika nchi ile ni kusema kwa niaba ya wasiosema.

"Huyo tumbili," alianza, "alipenda kufanya nini?"

"Kupigwa picha," Kaka alijibu upesi.

"Samahani, sikuuliza vizuri. Wageni hawapo. Wewe uko mbali. Yuko peke yake. Alipenda kufanya nini?"

Tulisikia maji chini ya sakafu. Nilimtazama Kaka usoni nikaona anatafuta kwa kweli, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani.

"Kulikuwa na bati," alisema mwishowe. "Bati la paa, limelegea. Upepo ukija linagonga. Yeye alikuwa akikaa chini yake, anainua kichwa kila linapogonga. Anaweza kukaa hivyo mchana kutwa. Sijui alikuwa anasikia nini."

"Asante," Bwana Tolive alisema. "Mliachana vipi?"

"Hoteli ilifungwa. Nikamrudisha nyumbani, nikamfungua mnyororo. Nikamwambia nenda." Kaka alionyesha kwa mkono, kama vile tuko uani. "Palikuwa na mwembe uani, na porini si mbali. Hakwenda. Alikuwa anatembea mpaka pale mnyororo ulipokuwa ukimfikisha, anasimama, anageuka. Hakuna mnyororo, bwana. Nimeutupa mwenyewe. Lakini anafika pale pale, anasimama. Miaka miwili, mpaka akafa. Mimi nilikuwa nikisimama upande wa pili, na ndizi mkononi, hatua moja tu mbele, namwita. Hakuvuka."

Hilo sikuwahi kulisikia. Nilikuwa kazini mikoani wakati ule, nikipima mashamba ya watu, na katika barua zake Kaka aliandika tu kwamba tumbili yupo na ananisalimu.

Mzee wa kwanza alisema kwamba mtu kama huyu asipewe chochote, arudi melini. Alisema bila ukali. Alisema kwamba mkono uliozoea kuvuta mnyororo haujui kwamba unavuta. Mzee wa pili aliuliza kama Mbaruku alikuwa na njia nyingine ya kuishi. Kaka akasema hakuwa nayo, lakini hakutaja sababu. Alikuwa na sababu tatu. Wawili walikuwa dada zetu, na wa tatu alikuwa amekaa nyuma yake na kadi ya kijani mfukoni.

Niliinuka.

"Waheshimiwa," nikasema, "mimi ni mdogo wake, Shaweji. Nilimwambia msajili kwamba sijawahi kuishi na mnyama. Sikusema uongo, lakini nilikata maneno. Baba alikufa mimi nikiwa darasa la nne. Ada yangu, sare zangu, na kile chuo cha upimaji, vyote vilitoka kwa tumbili yule. Likizo nikirudi nilikuwa nakula samaki na wali, na sikuwahi hata siku moja kumpelekea maji. Nilikuwa naona haya wenzangu wasijue. Kaka ndiye aliyeshika mnyororo, lakini tuliokuwa tunakula ni wanne. Msimhukumu peke yake."

Nikaiweka kadi mezani.

"Shaweji, kaa chini," Kaka akaninong'oneza, "utakosa kasa wako."

Mwenyekiti alivua miwani. "Ungenyamaza, saa hii ungekuwa njiani kwenda ghubani. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mama."

Walinong'onezana wao watatu kwa muda mfupi. Kisha mama yule akatoa uamuzi: tukae wote wawili kwenye benchi la kutazamwa, katika ghuba ya nguva, mikono magotini, mpaka meli itakapotuita. Tusimguse yeyote atakayekuja.

"Na hii si adhabu," akaongeza. "Ni nafasi. Huenda asije yeyote. Wengi wamekaa pale na hakuja yeyote, na wamesema hawakujuta."

Benchi lenyewe limejengwa majini, mahali ambapo maji yanafika chini kidogo ya goti. Ni ubao wa kawaida. Tulikunja suruali, tukakaa. Jua lilikuwa kali, lakini walikuwa wametundika turubai juu. Ghuba ile ni ya majani ya bahari, na nguva huja kuyala: wanyama wakubwa wa kijivu, wanene, wapole, wenye masharubu na macho madogo kama vifungo vya shati.

Saa za kwanza hatukuona nguva yeyote. Kwa mbali tuliona abiria wenzetu wametawanyika ufukweni, kila mmoja mahali alipopangiwa. Wengine walikuwa wamenuna. Lakini bwana wa kofia nilimwona amesimama peke yake, na mbele yake, hatua tatu, ndege mwari mkubwa alikuwa akimkagua kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Bwana yule alivua kofia yake polepole, akaishika kifuani. Alisimama hivyo muda mrefu sana, na alipogeuka niliona anatabasamu kama mtu aliyepokea barua.

Sisi tulizungumza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tulimzungumzia tumbili yule. Kaka alinieleza jinsi mnyama yule alivyokuwa akimtafuta yeye chawa kwenye nyusi kila jioni, kwa makini, mpaka wote wawili wanasinzia.

"Nilidhani ananipenda," alisema.

"Pengine alikupenda."

"Pengine. Lakini sikumpa nafasi ya kutonipenda, kwa hiyo sitajua."

Mnamo saa tisa na nusu maji yalichafuka kidogo mbele yetu. Nilihisi kabla ya kuona, kama vile mtu anapoingia chumbani nyuma yako. Alikuwa nguva jike, mrefu kuliko benchi letu, na mgongoni alikuwa na makovu matatu yaliyokatwa sambamba, ya pangaboi la mashua. Alipita mbele yangu bila kusimama. Alizunguka. Akarudi. Kisha akasogea mpaka miguuni kwa Kaka, akainusa, na akaiegemeza pua yake pana juu ya miguu ya ndugu yangu, akatulia.

Sitasahau mikono ya Kaka. Miaka kumi na minane mikono ile ilikuwa ya kushika, kuvuta, kugeuza shingo ya mnyama kuelekea kamera. Sasa ilikuwa magotini, mishipa imesimama, na haikuinuka. Kila baada ya dakika chache nguva aliinua pua, akavuta pumzi kwa mlio kama wa mtu anayeshusha mzigo, kisha akairudisha pale pale. Nafikiri alilala. Kaka alikuwa akilia bila sauti, na machozi yalimwingia mdomoni kwa kuwa hakuthubutu kuyafuta.

Saa kumi meli ikapiga honi.

Bi Amerante alikuja akitembea ukingoni mwa maji, polepole, asimshtue mnyama. "Bwana Mbaruku," akasema kwa sauti ndogo, "katika nchi yetu mtu aliyetembelewa haondoki kabla ya mgeni wake. Lakini hiyo ni sheria ya wenyeji. Ninyi wa meli mmesamehewa. Vuta miguu taratibu tu, hatakasirika."

"Akiondoka yeye, nitaondoka," Kaka akajibu.

"Meli haitawangoja. Inayofuata ni baada ya siku tatu."

"Nimesikia, dada yangu. Shaweji, wewe nenda. Mwambie mtoto baba yake hajazama."

Niliitazama meli. Mle ndani kulikuwa na sanduku langu, dawa zangu za presha, kitanda changu chenye shuka za kubadilishwa kila siku. Niliwatazama abiria wakipanda ngazi kwa mstari. Bwana wa kofia alisimama juu ya ngazi, akatuona, akatupungia mkono, na hakuacha mpaka akasukumwa ndani. Nami nilikuwa nimekaa tu. Siwezi kudai niliamua. Nilimwomba Bi Amerante atume salamu kwa nahodha, na aulizie kama kisiwani kuna duka la dawa.

"Lipo," alisema. "Vyumba pia vipo." Na uso wake ulikuwa mwororo namna ambayo sikuiona alipokuwa mezani.

Honi ikapigwa mara ya pili, na ya tatu. Meli ikageuka, ikaondoka, ikawa ndogo. Maji yakaanza kupanda, yakalowesha mapaja yetu. Jua likashuka mpaka likaingia chini ya turubai na kutupiga machoni. Nguva alivuta pumzi, akarudi, akavuta pumzi, akarudi. Halafu, bila sababu niliyoiona, aliinua kichwa, akageuka kwa ule unene wake wote kana kwamba hana uzito, akaenda zake kwenye maji ya kina. Hakutazama nyuma.

Bi Amerante na Bwana Tolive walikuwa wamekaa mchangani muda wote. Waliingia majini na nguo zao, wakatujia.

"Ameondoka mwenyewe?" Bwana Tolive akauliza.

"Mwenyewe," Kaka akasema.

"Hakushtuka? Hakuna aliyemharakisha?"

"Hakuna. Alitaka kwenda, akaenda."

Bwana Tolive alinyoosha mkono amwinue. Kaka aliushika, akajaribu, akaanguka tena kwenye ubao.

"Miguu imekufa ganzi yote," akasema. "Siisikii kabisa. Ni kama si yangu."

Nilijaribu kumsaidia nami nikagundua yangu haina tofauti. Tukaanza kucheka, kwanza mimi, kisha yeye, kile kicheko chake cha zamani cha kupiga mapaja, ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama yetu yu hai. Bi Amerante akacheka pia. Bwana Tolive alitutazama kwa zamu, yule aliyemhoji ndugu yangu asubuhi, kisha akakaa kando yake kwenye benchi, maji yakimfika kiunoni.

"Basi tutangoja," akasema. "Damu itarudi."

Bi Amerante akakaa upande wangu. Tukangoja wote wanne, na hakuna aliyetuharakisha.